Mishale ya Chaki

Mtoto alitoka salama, akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa mapema, na Tecla Chepkosgei akamfunga kitovu kwa uzi aliouchemsha mwenyewe kwenye sufuria ya chai. Mpaka hapo hakuna ambaye angemlaumu. Taabu ilikuwa kile kilichobaki ndani. Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, nusu saa ilikuwa imekwisha, na damu ilizidi kumtoka Chelimo. Leso ya kwanza ilikuwa imelowa, ya pili imelowa, na sasa Tecla alikuwa anakunja ya tatu.

"Mama, nasikia baridi," Chelimo alisema.

"Ni kawaida. Mpe mtoto matiti, hiyo itasaidia tumbo kukaza."

Haikuwa kawaida, na Tecla alijua. Yeye ndiye aliyekuwa promota wa afya wa kijiji cha Kimarwet, ng'ambo kidogo ya Boito. Kaunti ilikuwa imempa mkoba, fulana na simu, na kila mwezi alizunguka nyumba mia moja akiwaeleza wanawake wenzake dalili za hatari kwa sauti ya mwalimu wa watoto kanisani. Kondo likikawia nusu saa, tafuta daktari. Leso mbili zikilowa, kimbia. Alikuwa amezisema dalili hizo mara nyingi hata wanawake walikuwa wakimalizia sentensi kabla yake, na leo zote zilikuwa zimelala kitandani mwa mkaza mwana wake.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote Kimarwet.

Mwaka juzi Chelimo na mumewe, Kipkurui, walikuwa wakiishi Londiani, Kipkurui akipasua mbao huko msituni, kazi aliyokuwa nayo hadi leo. Chelimo alijifungulia huko mtoto wa pili. Mtoto alizaliwa amekufa. Kondo lilikataa kutoka, wakamwingiza chumba cha upasuaji wakalitoa kwa mkono, wakamwongeza damu chupa mbili. Aliporudi nyumbani akiwa mikono mitupu, Tecla alimpokea, akamchemshia uji, akamwambia, "Hayo maneno tumeacha Londiani." Hakusema kwa ubaya. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoambiwa na mama mkwe wake zamani, na aliona ni njia nzuri ya kumkinga msichana na midomo ya watu.

Huku kwetu watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi, atakujibu, "Wako tu," akuulize habari za mvua. Ng'ombe ni vivyo hivyo. Kuhesabu ni kuita jicho baya, na aliyekufa kabla ya kupewa jina hatajwi kabisa, asije akavuta mwenzake. Kwa hiyo Chelimo alipoanza kwenda kliniki na mimba hii, Tecla aliandamana naye na kumjibia. Nesi aliuliza ni mimba ya ngapi. Tecla akasema ya pili. Nesi akaandika mbili kwenye kitabu, na Chelimo akainamisha kichwa.

Nesi mwenyewe aliitwa Eucabeth Amondi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na ndiye peke yake katika dispensari ya Kimarwet; kijiji kizima kilimwita daktari. Kabla yake walikaa mwaka na miezi bila nesi, kamati ikiandika barua mpaka karibu kalamu iwaishie wino. Sasa walikuwa naye, na asubuhi ya leo, siku ambayo Tecla alimhitaji kuliko siku nyingine yoyote, hakuna aliyejua alikokuwa.

Simu yake haikupatikana. Tecla alipiga mara nne, kisha akapiga nambari ya ambulensi. Akajibiwa na mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Mgonjwa amewahi kuvuja damu hivi akijifungua?"

Janeffer, jirani aliyekuwa amekuja mbio kusaidia, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, akipepeta blanketi la mtoto. Janeffer ana roho safi, lakini neno likiingia sikioni mwake asubuhi, linafika kituo cha kupimia majani ya chai kabla mizani haijatundikwa.

"Hapana," Tecla akasema.

"Sawa. Basi tafuteni nesi wa karibu amwangalie. Gari iko upande wa Roret na mgonjwa mwingine. Ikirudi tutaituma. Kama masaa mawili hivi."

Tecla aliitia simu mfukoni. "Janeffer, kaa na yeye. Sugua tumbo hapa chini ya kitovu, usiache. Mimi naenda kutafuta daktari."

"Utampata wapi? Si leo anatembea nyumba kwa nyumba na ile dawa ya watoto?"

"Nitampata," Tecla alijibu, akatoka.

Ilikuwa wiki ya matone ya polio. Nesi Amondi alipita kila boma na kisanduku chake cha baridi begani, na katika kila mlango aliandika kwa chaki: watoto waliopewa matone, mstari, chini yake watoto wote wa nyumba hiyo, kisha tarehe, kisha mshale wa kuonyesha nyumba aliyoelekea. Hivyo wakubwa wake wakija kukagua wangeweza kumfuata mlango kwa mlango. Ilikuwa kazi ya Tecla kumwongoza. Lakini Jumanne alimtumia ujumbe kwamba goti linamsumbua. Goti halikuwa na neno. Hakutaka tu kuonekana amesimama kando ya mgeni anayeandika hesabu ya watoto wa watu milangoni, mahali pa kusomwa na kila mpita njia.

Na si hilo tu. Jana jioni alikuwa ametuma ujumbe kwenye kundi la simu la akina mama. "Kesho daktari anapita. Toeni watoto wapewe matone, ni muhimu. Akishaenda, futeni ile hesabu mlangoni." Tecla alikuwa ametuma jumbe nyingi katika kundi hilo, kuhusu vyoo, vyandarua na kunawa mikono, na hakuna hata mmoja uliowahi kumsisimua mtu. Huu walijibu wote, kila mmoja na kidole gumba chake.

Alikwenda kwanza kwa mzee Nicholas, kwa sababu boma lake ndilo la mwanzo juu ya kilima. Alipanda njia ya katikati ya majani ya chai, umande ukimlowesha sketi hadi magotini. Mlango wa Nicholas ulikuwa safi. Palikuwa na alama ya kitambaa kibichi, mviringo mzima, na ubao ulikuwa haujakauka.

"Mzee! Daktari amepita hapa?"

Nicholas alitoka nyuma ya zizi na ndoo ya maziwa. "Amepita. Kitambo."

"Ameenda upande gani?"

"Mimi nilikuwa na ng'ombe. Si amechora kitu mlangoni."

"Iko wapi?"

"Nimefuta." Alimtazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. "Wewe si ndiye ulisema tufute?"

Tecla aligeuka akakimbia, na akiwa na miaka hamsini na tisa, kukimbia kwenyewe kulikuwa kama kutembea kwa kelele. Nyuma ya boma njia inagawanyika mara tatu: kushoto hadi kwa Benard, katikati hadi nyumba za mabati karibu na mpaka wa shamba kubwa la kampuni, kulia hadi kijitoni. Alichagua kwa Benard, maana kule kuna watoto wengi. Aibu kidogo ilimwingia kwa kuwaza hivyo, maana kumbe hesabu alikuwa nayo kichwani siku zote, ya kila boma.

Kwa Benard palikuwa pamefungwa. Ilikuwa zamu yao ya kuchuma, na familia nzima ilikuwa imeshaenda mashambani. Mlango ulikuwa wa chuma, wa rangi ya buluu, na mtu alikuwa ameupangusa kwa haraka, kwa mkono labda, maana unga mweupe ulibaki kwenye mikunjo ya chuma. Tecla alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa. Aliona mstari. Aliona kitu mfano wa ncha. Ncha ilitazama chini, au ilikuwa ni mkia wa tarakimu saba, hakujua. Alijaribu kuusoma kwa kidole. Unga uliobaki nao ukatoka.

"Mungu wangu," akasema, "nisaidie kurekebisha hii upuzi yangu."

Aliamua ni chini. Chini ni kituo cha majani, na alitelemka kule mbio, mara mbili akianguka kwenye utelezi, na alipofika alikuta wanawake wamepanga vikapu wakisubiri lori. Hakuna aliyemwona daktari. Aliuliza kwa sauti, akauliza tena, na wote wakatikisa kichwa. Mmoja akamwuliza kama ni kweli Chelimo amejifungua, na kama ni msichana.

"Ni msichana," Tecla akasema, na ndipo machozi yakamtoka mbele yao wote. Alikuwa amepoteza robo saa nzima.

Simu ikalia. Ilikuwa Janeffer.

"Mama Kipkurui, hii leso ni ya tano. Na anasema nyumba imekuwa giza, na mimi nimefungua madirisha yote."

"Usiache kusugua. Muongeleshe. Usikubali alale."

"Daktari uko naye?"

"Niko karibu," Tecla alidanganya.

Alimpigia Weldon, mwenye pikipiki, aje na mafuta ya kutosha apite barabara ya juu akiuliza, kisha yeye akapanda tena kilima alichotoka kutelemka. Hasira ilimsaidia kupanda. Aliwakasirikia watu wa Kimarwet kwa utiifu wao, akaikasirikia simu yake. Alimkasirikia nesi kwa kutembea haraka hivyo, na mwishowe, karibu na kilele, akaishiwa na watu wengine wa kukasirikia, akabaki mwenyewe. Akilini alimwona Chelimo pale kliniki, ameinamisha kichwa. Msichana alikuwa amefungua mdomo siku ile. Alikuwa amefungua kabisa, na Tecla akawahi kujibu.

Nyumba za mabati zilikuwa sita, zimepangishwa na watu wanaochuma kwenye shamba la kampuni. Kwenye mlango wa tatu Tecla alisimama ghafla. Chaki ilikuwa pale, nyeupe, wazi. Tatu juu, mstari, nne chini, tarehe ya leo. Na mshale.

Mwenye nyumba, Ayoo, alikuwa nje akianua nguo kwa sababu ya wingu. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa kama nesi. Hakuwamo katika kundi la akina mama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kumwingiza.

"Hukufuta," Tecla alisema akihema.

"Kufuta nini?" Ayoo alitazama mlango, asielewe. "Hiyo? Amesema isifutwe, wakubwa wake wataangalia. Wa nne yuko shule, daktari atarudi kumpa jioni. Mama, uko sawa? Kaa chini kidogo."

"Ameenda wapi?"

"Si ni pale kijitoni. Sasa hivi tu."

Tecla alifuata mshale. Aliteremka kwenye bonde ambako simu hazishiki, na pale chini, mbele ya boma la Kipkemboi, alimwona nesi Amondi. Alikuwa ameketi juu ya gogo, kisanduku miguuni, akisubiri. Ndani ya nyumba kulikuwa na watu, maana mapazia yalikuwa yanacheza, lakini hakuna aliyemfungulia.

"Mama Tecla," nesi alisema, bila tabasamu. "Goti limepona?"

"Chelimo amejifungua nyumbani. Kondo haijatoka. Damu ni mingi."

Nesi alikuwa amekwisha simama. "Tangu saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo."

Alitazama saa yake, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Walianza kupanda pamoja, nesi akiuliza maswali bila kugeuka, na kila swali Tecla alijibu vizuri, ametokwa na damu kiasi gani, anaongea, amekojoa. Walipofika barabarani Weldon alikuwa amefika na pikipiki inanguruma. Nesi alipanda nyuma yake.

"Napitia dispensari nichukue sindano na dripu, halafu nakuja moja kwa moja. Ni mimba ya pili, nakumbuka. Ya kwanza haikuwa na shida?"

Weldon alikuwa pale, amegeuza kichwa, anasikiliza. Weldon aliyecheza mpira na Kipkurui tangu utotoni. Tecla aliufungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Haikuwa na shida."

Pikipiki ikaondoka. Tecla akabaki barabarani peke yake, na akajua, waziwazi kabisa, kwamba ameifanya tena.

Alikimbia hadi nyumbani. Hajui hata leo alipita njia gani. Alipoingia chumbani nesi alikuwa ameshatangulia. Dripu ilikuwa inatiririka, Janeffer ameinua chupa juu kwa mikono miwili, uso wa Chelimo ukiwa umepauka na midomo yake imekauka. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye beseni lililotandikwa sweta. Nesi alikuwa amevaa glavu. Mkono mmoja ulikuwa umebana tumbo chini, mwingine umeshika kitovu kwa koleo.

"Nimempa sindano. Sasa tutalivuta polepole," alisema. "Chelimo, nikikuambia sukuma, usukume kwa nguvu yote iliyobaki. Umesikia?"

Chelimo hakumtazama nesi. Alimtazama Tecla. Hakuwa na nguvu ya kuinua kidole, lakini macho yalikuwa yamefunguka, yamemkazia mama mkwe wake, na Tecla alielewa yanachosema. Yalikuwa yanaomba ruhusa. Msichana alikuwa anakufa, na bado alikuwa anangoja aruhusiwe kusema.

"Daktari, wacha!" Tecla alipiga kelele. "Usivute!"

Mkono wa nesi ulisimama.

"Si ya pili, ni ya tatu. Kulikuwa na mwingine, Londiani, mwaka juzi. Alizaliwa amekufa. Na hii kitu ilikataa kutoka vilevile, wakaitoa kwa mkono theatre, wakamwekea damu chupa mbili. Mimi ndio nilimwambia asiseme. Yeye alitaka kusema. Mimi ndio nilikudanganya, kliniki, na pale barabarani, na hata ambulensi nimedanganya."

Nesi aliachilia kitovu taratibu. Hakupiga kelele. Tecla angependelea kelele.

"Ningevuta," nesi alisema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe. "Kama limeshikana na mfuko wa uzazi, ningevuta mfuko wote nje." Kisha akaanza kutoa amri, na amri zake zilikuwa fupi. Weldon alete mawe mawili, miguu ya kitanda iinuliwe upande wa chini. Tecla ashike tumbo hapa, kwa ngumi, abonyeze asiache hata akichoka. Dripu ya pili kwenye mkono wa kushoto. Akapiga simu kwa kidole kilichokuwa na damu. "Huyu ni nesi wa Kimarwet. Mnajua yule mama mliyeandika masaa mawili? Alishawahi kubakiwa na kondo, ameshawahi kuongezwa damu, na sasa hivi presha ni sabini juu. Nataka gari saa hii, na hospitali iandae theatre na damu. Sio masaa mawili. Saa hii!"

Tecla alibonyeza. Chini ya ngumi yake tumbo la Chelimo lilikuwa laini kama unga uliokandwa maji mengi, na kila alipolegeza kidogo alisikia joto likimwagika. Hakulegeza tena. Kwenye beseni mtoto alikuwa ananyonya ngumi yake kwa sauti. Tecla alimngojea Janeffer. Alijua neno litatoka, la kushangaa, la kulaani, la kuuliza zaidi ili akalipeleke lilivyo.

Janeffer alikuwa bado ameinua chupa.

"Wangu wa hivyo walikuwa wawili," alisema, kwa sauti ambayo Tecla hakuwahi kuisikia kwake. Akaiinua chupa juu zaidi.

Ambulensi ilifika baada ya dakika arobaini. Walimbeba Chelimo kwa blanketi hadi barabarani, na ndani ya gari nesi alikuwa amepiga magoti kando yake njia yote, ngumi yake sasa mahali pa ngumi ya Tecla, akimwita kwa jina kila alipofumba macho. Tecla alikaa kwenye kona amemkumbatia mtoto. Alikuwa ameomba Mungu mara nyingi maishani, kwa mvua, kwa bei ya majani, kwa Kipkurui aache pombe. Siku hiyo hakujua aombe kwa maneno gani, akawa anarudia jina la mkaza mwana wake tu.

Upasuaji ulichukua saa mbili. Kondo lilikuwa limeota ndani ya nyama ya mfuko wa uzazi, pale pale lilipong'olewa mwaka juzi, na daktari hakuweza kuvitenganisha. Ilibidi mfuko utolewe wote. Nesi Amondi ndiye aliyetoka kumweleza, akiwa bado amevaa viatu vyake vya matope.

"Ataishi," alisema.

Tecla aliketi chini sakafuni, pale pale.

Nesi naye akachuchumaa mbele yake. "Lakini sitakudanganya, Mama. Kama hii ingekuwa kwenye kitabu tangu mwanzo, ningemleta hapa akiwa na miezi saba. Wangempangia siku. Wangekuwa na damu tayari. Labda mfuko bado wangeutoa, labda hapana. Lakini hangekuja hapa akiwa amebakisha pumzi moja."

"Najua."

"Kimarwet nzima iko hivyo. Vitabu vyangu vyote ni vya uongo, na mimi ndio natibu kwa hivyo vitabu."

"Najua, daktari. Mimi ndio nimewafundisha."

Nesi akampokea mtoto, akamkagua macho na kitovu, akamrudishia, na akaenda kutafuta chai.

Ilikuwa alasiri Chelimo alipoamka vizuri. Kipkurui alikuwa bado njiani. Tecla aliruhusiwa kuingia peke yake, akamlaza mtoto kando ya bega la mama yake, akasimama mguuni mwa kitanda, ameshika chuma. Daktari alikuwa ameshamwambia Chelimo kuhusu mfuko. Ilionekana usoni mwake.

"Mama," Chelimo alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi. "Nilisikia ukisema. Au niliota?"

"Nilisema."

"Mbele ya Janeffer?"

"Mbele ya Janeffer. Na Weldon alikuwa kwa mlango. Chelimo, nilikosea. Nilifikiri nakusaidia, na karibu nikuue. Kama hutaki kuniona kwa nyumba yako, ni haki yako, nitakaa mbali."

Chelimo alimtazama mtoto. Machozi yalimtelemka pembeni hadi masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Miaka miwili, Mama," alisema mwishowe. "Miaka miwili nilikuwa nangoja mtu amtaje. Hata mara moja. Kipkurui akinyamaza, nilisema ni mwanamume. Lakini wewe ulinichemshia uji kila siku, ukanipikia mboga, ukanioshea nguo, na hukuniuliza kitu. Nikaanza kufikiri labda sikumzaa. Labda nilikuwa mgonjwa tu."

Tecla naye aliwahi kuwaza hivyo hivyo, miaka thelathini na minne iliyopita, mwezi mzima, akipura mahindi peke yake uani na maziwa yakimlowesha blauzi. Alikuwa amesahau. Alikuwa amejifundisha kusahau, kisha akamfundisha mwingine.

Aliachia chuma cha kitanda, akazunguka, akavuta kiti hadi magoti yake yakagusa godoro. Akachukua pindo la leso yake akamfuta Chelimo machozi, upande huu na upande ule.

"Alikuwa mvulana ama msichana?" akauliza.

"Mvulana."

"Ulimwona?"

"Walinipa nimshike. Kidogo tu, kabla hawajanipeleka theatre."

Muuguzi wa wodi alipita na kigari cha dawa, akawatazama, akaendelea.

"Alikuwa anafanana na nani?" Tecla aliuliza, na Chelimo akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza kumwambia.